Mchanga Ambao Sikuusoma

Mke wangu amenunua gari ambalo likisimama halisikiki. Alilileta juzi mpaka langoni, likanyamaza, na dereva wangu mmoja wa boza la maji akamwambia, "Pole, mama, betri imekufa." Mke wangu akacheka. Akasema ni haibridi, linatumia petroli na umeme, likisimama injini inajizima yenyewe. Akanigeukia akingoja nishangae. Sikushangaa. Nilimwambia ukiligusa polepole litaondoka kwa umeme kwanza, petroli itaamka baadaye, na ukiinua mguu litajishika lenyewe na kujirudishia moto kwenye betri. Akaniuliza nimeyajulia wapi hayo, mtu ambaye hata karatasi ya dawa anaomba asomewe. Nikamwambia niliyajua zamani. Yeye sikumwambia zaidi. Nawaambia ninyi wa rika langu, kwa sababu mnakumbuka barua ilikuwa kitu gani.

Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha darasa la saba, kabla hata ya kufika mtihani wa la nane, na sijawahi kumlilia mtu. Niko na maboza matatu ya maji hapa Kitengela, niko na nyumba za kupangisha, na kuna watu waliokuwa namba moja darasani kwetu ambao leo nimewaandika kazi. Wananiita mzee na hata hamsini sijafika. Nasema haya mapema ili mtu asidhani naandika kutafuta huruma. Naandika kwa sababu lile gari lilinyamaza pale langoni, na kimya chake nilikijua.

Wakati huo Kitengela ilikuwa mstari wa maduka kando ya barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka ni nyika tu. Simu ya mkono ilikuwa ya tajiri. Baba alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha simiti upande wa Athi River. Alitoka magharibi na begi moja, akafanya kazi, akanunua ploti mbali na lami, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa sababu mfuko wake uliishia huko. Jirani yetu wa karibu alikuwa Mzee Ole Sankale, Mmaasai mwenye ng'ombe wengi, aliyeishi na mama yake mzee sana. Huyo mama tulimwita Koko, yaani nyanya kwa lugha yao. Koko alikuwa amewazalisha wanawake wa upande ule wote. Mzee Ole Sankale alimwita baba Fundi. Mimi, kila nikiinamisha kichwa akiguse kwa salamu, aliniita Mwalimu. Ilikuwa dhihaka, lakini niliipenda, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msoma barua.

Barua zilitoka Kanada. Baba mdogo, ndugu wa baba wa kumfuata, alikuwa amekwenda huko kutafuta maisha, na kazi aliyopata ni ya kuwapelekea wazee dawa nyumbani kwa gari. Baba alijua kusoma jina lake na namba zilizopigwa kwenye vyuma. Mama hakuwahi kukanyaga darasa. Basi barua ikifika, Jumapili baada ya kanisa baba anatoa viti nje upande wa ukuta wenye kivuli, mama anapika chai, Mzee Ole Sankale anakuja na kigoda chake mwenyewe, na mimi nasimama katikati. Barua moja ilisomwa hata mara sita kabla nyingine haijaja. Bahasha ilikuwa nyepesi, imezungukwa na mistari myekundu na ya buluu, na nikiifungua nilisikia harufu fulani kali, safi. Nilikuwa na hakika hiyo ndiyo harufu ya baridi ya huko. Nilikuwa mkubwa kabisa nilipokuja kujua ni gundi.

Ile barua ninayoisema ilikuwa juu ya gari.

"Ndugu yangu," baba mdogo aliandika, "wamenipa gari jipya la ajabu. Liko na injini mbili, moja ya petroli na moja ya umeme. Siku ya kwanza nilisimama kwenye taa za barabarani, likanyamaza kabisa. Nikajua nimeliua. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia bosi. Taa zikabadilika, nikagusa kidogo tu, likaondoka kimya kama paka."

"Gari haina sauti," Mzee Ole Sankale akasema. "Sasa mtu wa mbele anajuaje unakuja?"

"Kuna honi, mzee," baba akamjibu.

"Basi wamenunua honi. Endelea, Mwalimu."

Niliendelea. Baba mdogo alisema sasa ni majira ya theluji. Theluji tuliijua. Asubuhi zikiwa safi tuliiona mbali sana juu ya Kilimanjaro, nyeupe, imetulia, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri inaweza kushuka mpaka mlangoni kwa mtu. Mimi nilielewa tu kwamba baba mdogo anaishi kileleni mwa mlima, na nikawa najiuliza wale wazee wake wa dawa walipandishwa huko na nani.

"Inaanguka," aliandika, "magari yanapita juu yake, yanaikandamiza, inakuwa barafu ngumu ya kung'aa. Ukikanyaga breki kwa nguvu umekwisha. Unagusa, unaachia, unagusa. Kuondoka unaondoka kama umekanyaga yai. Hapo umeme unasaidia kwa kuwa unaanza polepole. Lakini kilimani gurudumu likiteleza, gari lenyewe linakata nguvu. Unakanyaga, halijibu. Linakataa kama punda. Na hiyo petroli wanayosifu kwamba linaokoa, wakati wa baridi linaila tu, maana injini lazima iwake ndiyo mimi nipate joto ndani."

Baba aliipenda sana barua hiyo. Alikuwa na pikapu kuukuu, mlango mmoja ameuchomelea mwenyewe, na siku hiyo hiyo aliitoa njiani, mimi nikiwa nyuma, akaendesha kama amekanyaga yai. Pikapu haikuzoea heshima. Ilimzimikia mara tatu kabla ya kufika kwenye mti wa kwanza. Lakini wiki nzima aliwaeleza watu kiwandani jinsi ya kuendesha gari la umeme kwenye theluji, na mtu asingejua kwamba hajawahi kuliona gari wala theluji yenyewe.

Sasa nifike pale pa barabara. Barua iliandikwa hivi, na hata leo naweza kuisema nimefumba macho: "Serikali hapa inatuma lori asubuhi mapema. Linamwaga chumvi ili barafu iyeyuke, na nyuma ya chumvi linamwaga mchanga ili magurudumu yashike. Pale pa kuteleza sana, chumvi bila mchanga ni kazi bure."

Mimi nilisoma: "Serikali hapa inatuma lori asubuhi mapema. Linamwaga chumvi, na magari hayatelezi tena."

Sikusoma mchanga. Sababu ni ndogo, na ningependa ingekuwa kubwa. Baba alikuwa anajenga nyumba ya mawe, na likizo nzima mimi ndiye niliyebeba mchanga kutoka korongoni, karai moja baada ya jingine, mpaka utosini pakatoka upara wa duara pahali karai lilipokaa. Nilikuwa nimemaliza wiki iliyopita. Na nilimjua baba. Baba hakuwahi kusikia jambo zuri bila kutaka kulifanya. Jicho langu liliufikia ule mchanga kabla ya mdomo, nikaona karai, nikauruka. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Nilidhani nimejiokoa kazi, basi.

"Wanapatia barabara chumvi," Mzee Ole Sankale akasema. "Na ng'ombe zao zinakula nini?"

"Huko ng'ombe hawatembei barabarani," baba akasema.

"Hakuna ng'ombe njiani?" Mzee alitikisa kichwa. "Basi hapo si pahali pa kuishi."

Tulicheka wote, mama pia, akiwa ameshika kiuno. Alikuwa na mimba kubwa. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa korongo.

Ninyi mnaojua udongo mweusi wa upande huu hamhitaji kuelezwa. Ukikauka unapasuka mpaka unaweza kupoteza kiatu ndani. Ukilowa unakuwa kama sabuni iliyochanganywa na gundi. Njia yetu ya kwenda lami ilikuwa moja, na ilishuka katika korongo na kupanda ng'ambo ya pili, na kila mvua pikapu ilikwama pale. Mama alikuwa amepoteza mtoto aliyenifuata kwa sababu hiyo hiyo: alifika hospitali akiwa amechelewa. Baba hakulizungumza jambo hilo, lakini huyu wa sasa alikuwa ameapa atazaliwa Kajiado hospitalini, kwenye kitanda, mbele ya daktari. Alisema hivyo mbele ya mchungaji. Mvua ilikuwa imebakisha wiki chache, na mama vilevile.

Siku ya soko baba alikwenda Bisil, akarudi na magunia manane ya chumvi ya ng'ombe, ile ya kijivu inayotoka Magadi. Tuliimwaga pale mteremkoni na ng'ambo kwenye mwinuko. Yeye alitandaza kwa koleo, mimi nilishika mdomo wa gunia. Ilikuwa kazi nyepesi. Nakumbuka nikifurahi jinsi ilivyokuwa nyepesi. Manyunyu ya kwanza yalipopita na jua likatoka, njia ilifanya ukoko mweupe uliometameta, na baba alisimama juu ya ukingo, mikono kiunoni, akasema, "Huku Kitengela sisi ndio tutakuwa wa kwanza."

Ng'ombe walikuja siku ya pili.

Mwanzo walikuwa watano. Kisha wale wengine wakawafuata, kisha zizi zima la Mzee Ole Sankale likawa halitaki kwenda malishoni kabla ya kupitia korongoni. Ng'ombe hachambui. Chumvi ikizama udongoni anakula na udongo. Walilamba, wakachimba kwa kwato, wakasimama pale wakikojoa na kulamba tena. Walikuwa wanaila barabara. Baba aliwafukuza kwa mawe, na wakienda wanarudi akiwa kiwandani.

"Fundi," Mzee Ole Sankale akamwambia, "umeweka chakula njiani na unapiga wageni."

"Peleka ng'ombe zako kwingine, mzee."

"Mimi napeleka. Pua zao zinarudisha."

Baada ya mvua mbili za kweli, pale mahali pakawa bakuli la uji. Baba angeweza kukubali. Hakuwa mtu wa kukubali, na mimi nimemrithi hapo, sikatai. Alisema chumvi bado haijashika, alisema hata huko Kanada haishiki siku moja. Mama alimsikiliza huku akichambua mboga. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Barua ilisema chumvi peke yake?"

Barua ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, hatua nne kutoka niliposimama. Ningeweza kuitoa na kusema, ngoja niangalie, labda niliruka. Mlango ulikuwa wazi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Peke yake."

Akaendelea na mboga.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kama saa nne, mvua nyembamba ya baridi inayokuja kwa ubavu. Uchungu ulimshika mama mapema kuliko ilivyotarajiwa. Baba alikuwa nyumbani, zamu yake ilikuwa ya mchana, na wote tuliona hiyo ni bahati. Nilitumwa kumwita Koko. Akaja na shuka mbili na kisu kidogo, akapanda mbele, mama katikati yake na baba, na mimi nikapanda nyuma pamoja na mawe tuliyopakia ili pikapu iwe nzito. Lile karai la ujenzi nalo lilikuwa nyuma, baba hakuwahi kulishusha. Baba aliendesha vizuri. Lazima niseme hivyo. Aliendesha kama barua ilivyosema, mguu laini, bila breki, akiiacha pikapu itafute njia yake, na tulivuka sehemu mbili mbaya ambazo mtu mwingine angekwama. Nilikuwa nimeshika chuma cha kichwa cha gari, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na nilikuwa na fahari naye.

Tulifika ukingoni mwa korongo, na chini walikuwa ng'ombe. Labda arobaini. Wameinamisha vichwa, wameziba njia kutoka ukuta mpaka ukuta, wanalamba.

Baba alipiga honi. Mmoja aliinua kichwa akatutazama, akarudi chini. Nikaruka na fimbo. Niliwapiga migongoni, mapuani, nilivuta mikia. Ng'ombe aliyeonja chumvi fimbo haisikii. Ukimsukuma huyu, yule anaingia pahali pake. Na pikapu ilikuwa tayari mteremkoni, na pale ukishaanza kushuka huwezi kungoja. Baba alijaribu kungoja. Alikanyaga breki. Gari likateleza kwa ubavu polepole kabisa, kama mtu anayekaa chini, likaingia kwenye ule uji mpaka ekseli.

"Kimbia kwa Ole Sankale," baba akasema kupitia dirishani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Nilikimbia. Mzee alikuja na wanaume wawili, wakapiga mluzi ninaousikia mpaka leo, na ng'ombe wakatoka wote, wakapanda juu wakitikisa masikio, kana kwamba walikuwa wanangoja tu kuombwa kwa lugha yao. Tulisukuma. Magurudumu yalizunguka pahali pamoja, yakaturushia matope. Tulisukuma tena. Kisha Koko akagonga kioo, akatufanyia ishara tuache, akafunga shuka moja dirishani.

Baba akashuka, tukasimama mvuani tumeipa pikapu mgongo. Nilimsikia mama, kisha nikamsikia Koko akimwambia kwa Kiswahili chake kifupi, "Sasa. Sasa, mama. Basi." Nikangoja sauti ya tatu. Nilikuwa najua inavyokuwa, jirani alikuwa amezaa nyumbani na nilikuwa nimesikia. Nilingoja. Ng'ombe mmoja alikohoa huko juu.

Koko alifungua mlango kidogo. "Msichana," akasema. Mzee Ole Sankale alimuuliza kitu kwa Kimaasai, na Koko akatikisa kichwa. Aliniangalia mimi, akafunga mlango. Kisha akaufungua tena, na safari hii alisema na baba, haraka. "Huyu mama anatoka damu. Peleka hospitali. Sasa hivi."

Baba alipiga magoti akaanza kuchimba chini ya gurudumu kwa mikono. Anatoa matope, matope yanarudi. "Leteni kitu," akasema. "Leteni chochote." Wanaume walivunja matawi, yakamezwa. Mtu akatupa gunia, likamezwa.

Sikuamua. Ningependa kusema niliamua. Miguu ilitoka yenyewe, mikono ikachukua lile karai, nikashuka na korongo mpaka kwenye kona nilikokuwa nikichota mchanga wa nyumba. Zilikuwa hatua mia mbili, labda hazifiki. Mchanga ulikuwa palepale nilipouacha, msafi, umeoshwa na mvua. Nikajaza, nikabeba kichwani, nikaja nikamwaga mbele ya gurudumu. Nikarudi. Nikaleta wa pili, wa tatu. Mzee Ole Sankale alielewa, akavua koti akalifanya mfuko, na wale wanaume wakafanya hivyo na shuka zao. Sijui ni safari ngapi. Sikusikia uzito, sikusikia baridi. Mwili ulikuwa umekwenda mahali pengine na kuniachia kazi.

Baba aliingia, akagusa mafuta kama amekanyaga yai. Magurudumu yakashika. Pikapu ikapanda ng'ambo ya pili kama vile hapajawahi kuwa na shida hapo.

Juu kwenye ukingo baba alisimama niweze kupanda. Alishuka. Alitazama njia nyeupe ya mchanga iliyoshuka na kupanda, kisha akanitazama mimi na karai langu.

"Nani amekuambia mchanga?"

"Iko kwa barua," nikasema.

Alinitazama kama anavyotazama namba iliyopigwa kwenye chuma, anaisoma moja moja. Nilingoja mkono wake. Akasema, "Panda."

Mama alipona. Alikaa Kajiado hospitalini siku tisa. Dada yangu alizikwa nyuma ya nyumba, baba na Mzee Ole Sankale walichimba, na mimi sikuitwa. Niliona kwenye ufa wa dirisha kwamba shimo lilikuwa dogo na lilimalizika mapema.

Siku chache baadaye Mzee Ole Sankale alikuja akivuta mtamba, mweupe mwenye madoa, mnyama mzuri. Kwao mifugo ikikosea, mwenyewe hulipa, na hangoji kuambiwa. Alimfunga nje, akakaa.

"Fundi, ng'ombe zangu zimekukosea. Zimefunga njia ya mtoto. Nimeleta huyu."

Nilikuwa mlangoni. Nilitaka baba amchukue. Nilimwomba Mungu amchukue, kwa sababu akimchukua basi waliokosea ni ng'ombe, si mimi.

"Mrudishe, mzee," baba akasema. "Ng'ombe hawajanikosea. Chumvi niliweka mimi."

"Fundi."

"Niliweka mimi. Kunywa chai."

Hakugeuka kunitazama. Mzee alikunywa chai, akamfungua mtamba wake. Akipita mlangoni niliinamisha kichwa, akakigusa, akaniita kwa jina langu. Hakuniita Mwalimu tena, mpaka tukamzika.

Baba hakunipiga, wala siku hiyo wala baadaye. Aliitoa barua kwenye kopo, akaitia mfukoni mwa shati, akaenda nayo kwa mchungaji, akarudi bila kusema alichosomewa. Zilizofuata alipeleka huko moja kwa moja. Wengine mnaweza kusema ni afadhali, hakuna kiboko. Mimi ningekichukua kiboko. Nilikula, nikalala, nikaenda shule, na hakuna kitu kilichonigusa. Watu husubiri kulia na mimi pia nilisubiri. Ilikuwa kama vile vidole vya asubuhi ile, unaviona ni vyako, unavikunja vinakunjika, lakini ukivichoma havisemi. Darasani mwalimu akinisimamisha nisome kwa sauti, niliyaona maneno yote, na mdomo haukufunguka. Alidhani ni kiburi. Muhula uliofuata sikurudi. Nilianza kusukuma mkokoteni wa maji mjini, mitungi ishirini kwa safari, na hapo ndipo kila nilicho nacho kilipoanzia. Baba hakuuliza kwa nini nimeacha.

Aliyeniuliza kitu alikuwa mama, na hakuniuliza hilo.

Ilikuwa alasiri, baba yuko zamu. Mama alikuwa amekaa kitandani, bado anatembea kidogo kidogo. Alikuwa na karatasi ya barua na kalamu, sijui alituma nani dukani.

"Kaa hapa uandike," akasema. "Mwandikie baba yako mdogo."

"Baba anapeleka kwa mchungaji, mama."

"Hii si ya baba yako. Andika. Mwambie barua yake ya gari tuliipata. Mwambie nafurahi ako na gari yenye haizimi, ni yenyewe inanyamaza. Umeandika?"

"Ndiyo."

"Mwambie mvua imenyesha sana. Mwambie nilizaa msichana na hakulia. Andika hivyo, hakulia. Usiandike maneno ya kanisa."

Niliandika.

"Mwambie tulimwaga chumvi korongoni." Akangoja kalamu yangu isimame. Alikuwa anatazama ukutani. "Mwambie mchanga ulikuwa hapo karibu, na hatukumwaga."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Nje kuku walikuwa wanachakura. Nikaandika. Mchanga ulikuwa hapo karibu na hatukumwaga. Aliposema "hatukumwaga" sikujua kama alikuwa ananifunika au ananihesabu katika wenye kosa, na sijajua mpaka leo. Alikufa bila kunieleza na mimi sikumuuliza.

"Sasa nisomee," akasema. "Yote."

Akaisogeza karatasi mapajani mwake, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, yeye ambaye herufi moja hakuijua. Nilisoma. Mdomo ulifunguka. Nilisoma kila neno pahali pake, polepole, na kidole chake kikasogea pamoja na sauti yangu, kikafika mwisho wa mstari, kikarudi kuanza mwingine. Nilipomaliza kidole kilikuwa kimesimama, hakijafika chini.

"Rudia hapa," akasema.

Nikatazama aliposhika, palipoandikwa hakulia, nikarudia.